Mgeni Kwenye Kiwanja Chake

Ukitoka katikati ya Bujumbura ukashika barabara ya Bubanza, utaingia Kinama, na humo utapita Ngozi, Gitega, Muyinga, Ruyigi na Bururi bila kuvuka mpaka wa mkoa hata mmoja. Hayo ni majina ya kartie zake. Mtu anakwambia anaishi Ngozi, na nusu saa baadaye yuko kwake, tena kwa miguu. (Iko Kinama nyingine, ya Gasorwe upande wa Muyinga, ambayo ni kambi ya wakimbizi wa Kikongomani. Watu huzichanganya, na kwa habari ninayotaka kuizungumza hapa, kosa hilo halimpotezi mtu sana.) Mtaa wa namna hii ni mahali pazuri pa kulipimia swali linalorudi kila mara Afrika Mashariki: ardhi na nyumba ni haki ya raia peke yake, au mgeni naye aandikwe? Wanaokubali na wanaokataa huanza na dhana moja, kwamba raia amekwisha kuandikwa na kilichobaki ni kuamua kama mgeni amfuate. Kumbukumbu ya Kinama inaikana dhana hiyo. Nadai kwamba ukuta mrefu zaidi huku kwetu umesimama kati ya mwenye jina daftarini na asiye na jina, na kwamba ukuta wa raia na mgeni umepandishwa juu ya huo, kwa tofali za rukarakara.

Tuanze mbali kidogo. Katika mila ya Kirundi ardhi ni itongo, yaani shamba, nyumba na jina la ukoo kwa pamoja. Lakini ndani ya mila hiyohiyo alikuwapo Mrundi asiye na itongo, umugererwa. Alilima kwa idhini ya mwenye ardhi, akalipa kwa mazao na kwa nguvu zake, na mwanawe akarithi idhini pamoja na unyenyekevu wake. Lugha yake ilikuwa ile ya jirani, mfalme wake yuleyule, na bado alikuwa mgeni pale alipozaliwa. Utaratibu huo, ubugererwa, ulifutwa kwa amri ya serikali ya Jean-Baptiste Bagaza tarehe 30 Juni 1977, jana tu kwa hesabu ya mambo ya ardhi. Wabelgiji nao, walipoitawala Ruanda-Urundi, waliigawa ardhi mafungu mawili. Iliyoshikwa na Wazungu, makampuni na misheni ilipimwa, ikaandikishwa, ikapewa cheti; ya wenyeji ikaachwa chini ya mila, bila daftari. Mjini Usumbura Mwafrika alitengewa vitongoji vyake, Buyenzi, ambako Kiswahili kilikuwa na bado ni lugha ya barazani, na Bwiza. Humo aliruhusiwa kukaa na kujenga, lakini kwa muda mrefu cheti kamili cha ardhi kilikuwa habari ya watu wengine. Baadaye zikaja nyumba za Ngagara, zilizojengwa na ofisi ya makazi ya Waafrika, OCAF, na wazee wangali wanaiita kartie hiyo kwa jina la ofisi. Kwa hiyo husikia ajabu ninapoambiwa kwamba hati ni urithi wa kale wa raia ambao mgeni anataka kuupora. Huku kwetu karatasi ya ardhi ilizaliwa mikononi mwa mgeni, na raia bado anaifuata kwa nyuma.

Kisha kuna somo ambalo Warundi walilipata kwa kuwa wageni wenyewe. Mauaji ya 1972 yaliwakimbiza watu wengi, hasa wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na sehemu kubwa yao wakaishia Tanzania, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Huko walifyeka pori, wakalima, wakalipa kodi, wakalisha hata wasiokuwa wakimbizi. Ardhi hawakuimiliki. Ilikuwa ya serikali, nao walikuwa wageni wenye ruhusa ya kulima, kwa lugha ya kwao abagererwa wa dola. Tanzania ilipoamua kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 kati yao, jambo ambalo dunia iliisifu kwalo kwa haki kabisa, mpango wa kwanza uliwataka wahame makazi yale watawanyike katika mikoa mingine. Mpango huo ukakwama, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa mwaka 2014. Uraia ulitembea upande huu na ardhi upande ule. Anayeamini kwamba kumfanya mtu raia ndiko kunakomfanya awe mwenye ardhi angekwenda Mishamo akatazame miaka ile ya katikati, wakati watu walikuwa wamekwisha kuvua ukimbizi bila kujua kama migomba iliyo uani ni yao.

Waliorudi Burundi walikuta kinyume chake: uraia upo, ardhi ina mtu. Kanuni ya Ardhi ya 1986 ilimruhusu aliyekalia ardhi kwa miaka 30 bila kupingwa ahesabiwe kuwa mwenyewe. Jumlisha 1972 na 30, unapata 2002, mwaka uleule ambao wimbi kubwa la kurudi lilianza. Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulikuwa umesema kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake, ardhi kwanza, na ikishindikana alipwe fidia ya haki. Basi sheria ya nchi ilikuwa ikimlinda aliyekaa, na ahadi ya amani ikimlinda aliyerudi. Tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliundwa 2006 ili kutafuta njia kati ya hizo mbili. Chini ya Padri Astère Kana ilipenda kuwagawia wote wawili. Chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, kuanzia 2011, ikaelekea kumrudishia aliyekimbia yote, hata pale ambapo aliyekaa alinunua kwa nia njema au alipewa na serikali. Sina nia ya kuihukumu tume; penye dhuluma mbili zenye umri wa miaka 40 hakuna hukumu isiyoumiza. Ninachotaka kionekane ni kwamba katika mashauri hayo yote mgeni hakuwapo. Mdai Mrundi, mdaiwa Mrundi, shahidi Mrundi. Waliokuwa wadogo wakati wa kukimbia na hawakujua kilima cha wazazi wao wakapewa jina la kiofisi, watu wasio na rejea, wakajengewa vijiji vya pamoja. Kitambulisho cha Burundi mfukoni, na mguu hauna pa kukanyaga.

Kinama yenyewe iliyaona hayo kwa ufupi na kwa ukali zaidi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, Bujumbura iligawanyika kartie kwa kartie, na kufikia 1995 mitaa ya kaskazini kama Kamenge na Kinama ilikuwa imehamwa na wengi wa wakazi wake, baadhi wakivuka hadi Uvira, upande wa Kongo. Watu walirudi, wakajenga upya. Februari 2001 wapiganaji wa kundi la waasi la FNL wakaikalia Kinama kwa siku kadhaa, na makumi ya maelfu wakatoka tena. Fikiria maana ya kukimbia mara mbili katika miaka 10 kwa mtu ambaye umiliki wake wote uko katika karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa saini na mashahidi. Karatasi yaweza kuungua. Mashahidi wanakimbia kila mmoja na njia yake, wengine hawarudi. Shefu wa kartie aliyegonga muhuri anabadilishwa. Halafu ikaja mvua ya usiku wa tarehe 9 Februari 2014, maji yakashuka kutoka milimani yakafagia Kamenge, Kinama na Buterere, yakaua watu zaidi ya 60 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Rukarakara, tofali la udongo lisilochomwa, likilowa hurudi kuwa tope. Nyumba ikishaondoka, kinachomtambulisha mwenye kiwanja ni kumbukumbu ya jirani, na jirani naye hana nyumba.

Hapo ndipo sheria ya sasa inapaswa kutazamwa. Kanuni mpya ya Ardhi, ya tarehe 9 Agosti 2011, ilifanya jambo kubwa: ilizitambua haki za mila na kuziruhusu komine ziwe na huduma zao za ardhi, zenye uwezo wa kutoa cheti baada ya majirani kuitwa na mipaka kuthibitishwa hadharani. Juu ya cheti hicho kuna hati kamili, inayotolewa na ofisi ya taifa ya hati za ardhi baada ya upimaji. Lakini mpaka leo sehemu ndogo sana ya ardhi ya Burundi ina hati hiyo. Mjini njia ni ndefu zaidi: barua ya kugawiwa kiwanja, malipo, kuwekewa mipaka, kuendeleza, ndipo hati, na kila hatua ina dirisha lake na foleni yake. Katika upimaji uliopangwa, kama sehemu za Carama, kaskazini mwa Bujumbura, njia hiyo inafuatika. Mahali ambapo nyumba zilitangulia ramani, mnunuzi huishia kwa komisiyoneri, yaani dalali, mashahidi na muhuri wa mtaa.

Na mgeni je? Katiba ya Burundi, ya 2005 na hii ya 2018, inaposema juu ya mali haitaji raia. Inasema kila mtu ana haki ya kumiliki, na hanyang'anywi ila kwa manufaa ya umma, kwa njia ya sheria, na baada ya kulipwa fidia ya haki. Majirani wamekaza zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010 inampa asiye raia upangaji usiozidi miaka 99. Uganda vilevile humruhusu kupanga tu. Tanzania Bara, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, mgeni hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji peke yake. Zanzibar haki ya kukalia ardhi ni ya Mzanzibari. Kongo, sheria ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya dola, ikampa Mkongomani haki ya kudumu na mgeni haki ya muda, miaka 25 inayoweza kuongezwa. Na isidhaniwe kwamba katika nchi hizo raia ndiye mwenye udongo. Tanzania ardhi yote iko chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na Rwanda raia mwenyewe ni mpangaji wa dola kwa miaka mingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia tarehe 1 Julai 2007, iliuona ugumu huo ikaukwepa: itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kutumika 2010, ilifungulia njia watu, bidhaa, mitaji na huduma, ila ilipofika kwenye ardhi, kifungu cha 15, ikasema kila nchi ifuate sera na sheria zake. Mfanyabiashara wa Kigoma anaweza kuja Bujumbura na bidhaa, mtaji na familia yake, lakini itifaki haimwambii atalala juu ya ardhi ya nani.

Mgeni anayekatazwa kuandika jina lake mara nyingi haachi kununua. Hutafuta jina la kuazima. Watunga sheria wanalijua hili vizuri. Ndiyo maana katiba ya Kenya imesema kampuni ni ya raia ikiwa tu hisa zake zote ni za raia, na sheria ya Tanzania ikaihesabu kampuni yenye wageni wengi kuwa ni mgeni. Vifungu hivyo ni ungamo kwamba katazo huzaa vinyago. Vinyago hivyo huzuilika ikiwa kuna daftari linaloonyesha aliyevaa ni nani. Penye mauziano ya karatasi na mashahidi, jina la shemeji, la mke, la rafiki wa sokoni, lolote latosha, wala hakuna anayeweza kulikagua. Kwa hiyo serikali inayotaka kweli kumwekea mgeni mipaka, iwe ya miaka, ya ukubwa au ya eneo, inahitaji daftari la raia kuliko inavyohitaji katazo. Bila daftari, katazo linawaumiza waaminifu tu: mgeni aliyetii hakununua, raia aliyeazimisha jina amejipatia nyumba siku mwenziwe akifa au akifukuzwa nchini, na watoto wa marehemu wanabaki na ushahidi wa kusema.

Nitajibiwa kwamba Burundi ni ndogo. Kilomita za mraba 27,834, na sensa ya 2008 ilikwisha kuhesabu watu milioni 8, ambao wamezidi sana tangu hapo. Vipande vya ardhi vinagawanywa kwa kila kizazi hadi vinakosa maana. Mlango ukifunguliwa, mwenye dola atanunua kilima kizima. Hofu hii ni ya haki, nami kwa upande wa mashamba ningeunga mkono upangaji wa muda kwa mgeni, kama majirani walivyofanya. Ila tusijidanganye kuhusu fedha zinazopandisha bei. Sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 inakubali uraia wa nchi mbili. Mwana wa Kinama aliyefanikiwa Ubelgiji au Kanada ananunua kama raia, kwa fedha za huko, na jirani yake muuza mkaa hawezi kushindana naye zaidi ya anavyoweza kushindana na Mbelgiji. Tanzania haikubali hivyo, na kwa miaka mingi mzaliwa wa Kigoma aliyeshika pasipoti ya Kanada, kisheria alikuwa mgeni wa ardhi siku hiyohiyo. Udongo ni uleule, mwambao ni wa ziwa lilelile, na ndugu wawili, mmoja wa Bujumbura na mwingine wa Kigoma, walikuwa na hadhi mbili tofauti kwa sababu ya pasipoti. Anayemwogopa mwenye nguvu ya fedha angeandika kanuni juu ya ukubwa wa ardhi na juu ya viwanja vinavyoachwa tupu. Uraia ni kichujio chenye matundu makubwa kwa kazi hiyo.

Pingamizi lililo zito kwangu ni jingine, nalo linatoka pwani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya kuandikisha ardhi katika ukanda wa pwani ya Kenya. Kila mwenye dai alitakiwa ajitokeze alithibitishe. Waliojua sheria na njia ya ofisini walijitokeza. Wamijikenda, waliokuwa na ardhi ya pamoja kwa mila, wengi wao hawakuingia katika vitabu hivyo, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Leo, zaidi ya karne moja baadaye, kuna watu Kilifi na Mombasa wanaoitwa maskwota mahali ambapo babu zao walizikwa. Daftari lilikuja na likawafanya wenyeji wageni. Basi mtu ana haki ya kuniuliza: unataka kuleta Kinama kilekile kilichowaangamiza wa Kilifi? Jibu langu ni kwamba ubaya wa 1908 ulikuwa katika kumwachia mtu mmojammoja mzigo wa kuja ofisini na kukihesabu kimya chake kuwa ni kukana haki. Rwanda ilifanya kinyume kati ya 2009 na 2013. Waandikishaji walikwenda kwenye ardhi, kilima kwa kilima, majirani wote wakiwa wamesimama mpakani siku moja, na vipande zaidi ya milioni 10 vikaingia kitabuni. Kazi ile nayo ina ufa wake: watu wengi wakiuziana baadaye hawarudi ofisini kubadilisha jina kwa sababu ya gharama na usumbufu, na daftari linaanza kusema uongo polepole. Ufa huo unazibika kwa ada ndogo na ofisi iliyo karibu. Wa 1908 haujazibika hadi leo.

Wako pia wanaosema mashahidi wanatosha, kwamba abashingantahe, wazee waamuzi wa kilimani, walikata mashauri ya ardhi kabla ya muhuri kuzaliwa. Kwa kilima ambacho watu hawahami, nakubali bila ubishi. Kinama imehamwa mara nyingi mno.

Lakini neno raia lenyewe nalo linahitaji kupimwa kabla ya kulitumia kama ufunguo. Kwa sheria ya uraia ya 2000, mtoto wa baba Mrundi ni Mrundi. Mama Mrundi akimzaa na mume wa Kikongomani, mtoto huyo hazaliwi Mrundi. Katika Bujumbura, ambako Wakongomani wameishi na kuoa kwa vizazi, maana yake ni kwamba nyumba ya mama mzaliwa wa Kinama inaweza kukosa mrithi raia huku watoto sita wamelala ndani yake. Wako pia Waarabu wenye asili ya Oman waliozaliwa Burundi, wazazi na mababu wamezikwa Burundi, na ambao hawatambuliwi na Oman wala na Burundi. Kwa hao swali la mgeni kutoka wapi halina hata jibu. Na binti Mrundi kabisa, wa baba na mama, hana sheria ya urithi iliyoandikwa ya kushikilia, maana muswada wake ulikwama miaka na miaka. Mila inampa kaka ardhi, naye dada akiachwa na mume hurudi kwao kuomba kipande cha kulima kwa hisani, na hisani hiyo huisha baba akifa. Ukimtazama vizuri utamkumbuka umugererwa wa kabla ya 1977.

Siku wapimaji watakapofika Kinama, kartie ya Bukirasazi au ya Muyinga, na kitabu kipya, wasianze kwa kuuliza kitambulisho. Wawasimamishe majirani wa pande nne, wauweke mpaka, halafu wamuulize mwenye nyumba mkewe yuko wapi, aitwe naye kutoka jikoni atie kidole kwenye karatasi ileile kabla wino haujakauka.